Sikio la Chui

Funguo za stoo ya michezo ninazo mimi,
tangu mvua za mwaka themanini na sita.
Ukitaka kumjua chui wa chuo chetu
usimtafute ukutani, ofisini kwa mkuu.
Njoo huku nyuma ya jiko, uvute droo ya chini.
Vuta tena. Unyevu wa Tukuyu umeivimbisha.

Huyu wa kwanza alichorwa na Asangalwisye, mpishi,
kwa masizi ya sufuria na mafuta ya taa,
juu ya fulana kumi na moja zilizokuwa nyeupe.
Chui hakuwahi kumwona. Alimsikia tu,
usiku mmoja, upande wa msituni,
akikohoa kama mtu.
Basi akamwita paka wa jikoni,
akamwekea dagaa juu ya gunia la maharage,
akamchora alivyo:
shavu nene, jicho la pembeni,
na sikio la kulia lenye pengo
alilolipata kwenye mtego wa panya.

Wachezaji walicheka mpaka filimbi ikalia.
Tukafungwa nne.
Jumamosi iliyofuata, Kyela, kwenye joto lile,
masizi yaliyeyuka na jasho,
chui akawashuka vijana hadi magotini,
tukashinda.
Tangu hapo nani angethubutu kumgusa?
Paka wa nyumba haingwa.

Lakini waliingiwa na tamaa ya mjini.
Tisini na tatu akapelekwa Mbeya, kwa fundi wa chapa,
akarudi na madoa ishirini
yamepangwa kama mafungu ya karanga sokoni.
Kufuliwa mara tatu, madoa yakashikana.
Vijana wa Iringa wakauliza:
huyu ni chui au ni ndama?

Kisha mfadhili, mwenye kampuni ya mbolea.
Akataka chui atazame mbele, aonyeshe meno,
na juu ya kichwa chake akae mfuko wa mbolea,
mdogo tu.
Sikio likazibwa.
"Timu haiwezi kuwa na kilema," alisema,
kavaa miwani ya jua katikati ya ukungu.

Halafu kompyuta.
Jezi zilikuja kwa basi, ndani ya nailoni,
chui anang'aa kama gari jipya.
Misimu miwili tulimbusu kifuani kila bao,
mpaka Mwalimu Tusekile wa baiolojia
akamsogelea golikipa, akainama:
"Hii michirizi, kutoka jichoni hadi mdomoni...
Jamani, huyu ni duma."
Uwanja mzima kimya.
Duma, Rungwe!
Angekimbilia wapi, kwenye migomba hii?

Sasa kuna Ambwene, mwaka wa pili,
beki wa kati wa timu ya wasichana.
Alikuja kuomba pampu ya mipira.
Pampu nimeizungushia kitambaa, miaka mingi, isishike kutu.
Alikikunjua.
Akakaa chini kwenye saruji, na sketi yake,
akapitisha kidole penye pengo la sikio.
Pampu akaisahau.

Wiki mbili baadaye akaleta karatasi:
mistari saba. Shavu nene.
Jicho linatazama pembeni, kuelekea jikoni.
Na sikio.

Kamati ilikaa siku mbili, na chai mara nne.
Mmoja akasema, sikio la kufa halisikii dawa.
Mwingine: lishoneni basi, kalamu si mnayo?
Ambwene akajibu polepole, kama anayepima penalti:
"Mkilishona, mtafute na paka mwingine."

Hawajaamua. Karatasi iko mezani kwa mkuu, chini ya kikombe.
Lakini jana mazoezini,
chini ya mvua yetu hii isiyojua kuaga,
niliwaona wasichana wale:
kila mmoja amekata beji yake kwa wembe,
kipande kidogo, upande wa kulia.

Jezi ni mali ya chuo. Kwa kanuni
ninapaswa kuandika majina.
Natafuta kalamu.
Daftari amelilalia kilembwe wa yule paka,
masikio yake yote mawili mazima,
na mimi sina haraka ya kumwamsha.